Fungu la Delphine

Tangu asubuhi Bernadine alikuwa amesimama mbele ya sufuria kubwa, akikoroga maji matamu yaliyogemwa mitini, yaliyokuwa yakigeuka sukari. Bega lilimuuma vibaya, lakini thubutu umwombe umpokee mwiko. Ukaidi wa mama huyo ulijulikana katika vijiji vyote vya Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, kulizunguka ziwa lile. Theluji ilikuwa imeanza kulainika chini ya miti, na kambi ilinukia moshi na utamu, harufu ile ile ya utotoni. Kila alipoivuta alimwona mdogo wake, Delphine, akiinyemelea sufuria.

Ah, Delphine. Desturi ilitaka sukari ya kwanza ya mwaka isiguswe na mtu mpaka fungu litengwe, liwekwe kando ya moto pamoja na tumbaku, kwa ajili ya waliotangulia. Delphine hakuwahi kungoja. Mara achovye kidole, aungue, alambe, halafu aape mbele ya bibi kwamba kidole kimevimba kwa sababu ya nyuki. Nyuki gani wa kwenye theluji? Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Na ukoko ukibaki, Delphine alikuwa tayari kupigana na yeyote. Walikuwa na raha siku zile, jamani, na wala hawakujua.

Kisha Delphine akapanda basi kwenda mjini kutafuta kazi, akamwachia dada yake mtoto mchanga, na hakuonekana tena. Polisi walisema labda ameamua kwenda zake. Mtoto huyo ndiye Kateri, sasa mtu mzima, anayewakusanya wanawake kutundika magauni mekundu barabarani, moja kwa kila aliyepotea, na kugonga milango ya wakubwa, wakidai majibu juu ya mama na dada zao waliopotea. Kesho walikuwa na maandamano. Leo alifika kambini na sahani ya gome la mti.

"Mama mkubwa, nitilie humu."

"Ya nani?"

"Ya mama. Mwaka huu nataka nimwekee kando ya moto."

Mwiko ukasimama. "Pale wanawekewa wafu."

"Najua."

"Umeuona mwili? Umeonyeshwa kaburi? Anayesema mdogo wangu amekufa aniletee ushahidi, asiniletee sahani."

"Usinifokee, mama mkubwa. Mimi nashika kipaza sauti nikiwapa wenzangu pole, na mama yangu mwenyewe sijawahi kumlilia. Nikianza tu, unaniambia nyamaza, mama yako yuko njiani. Nimechoka."

Ni kweli, Bernadine alimfuta mtoto yule machozi haraka haraka miaka yote, kana kwamba machozi yangemfungia Delphine mlango.

"Shika, isiungue," akasema, akampa mwiko.

Aliingia kibandani, akatoka na kikapu kilichojaa vifuko vya gome vilivyoshonwa, kila kimoja na sukari ndani, vingine vimekuwa vyeusi kwa uzee.

"Babu akichelewa kurudi kutoka kwenye mitego yake, bibi hakumwekea kando ya moto. Alimshonea fungu lake, likamsubiri. Nami nimemshonea mama yako kila mwaka."

Kateri alikipapasa kimoja. Sukari ilikuwa ngumu kama jiwe. "Mbona hukunionyesha?"

"Niliogopa utaniona nimerukwa na akili."

"Ningekusaidia kushona."

Kateri akaikunja ile sahani yake taratibu mpaka ikawa kifuko. Bernadine alimtazama, kisha akachovya kidole kwenye sufuria, akalamba.

"Mama mkubwa, waliotangulia hawajapewa!"

"Nyuki," Bernadine akasema, akikipuliza kidole.

Kateri, aliyekisikia kisa hicho mara nyingi, alicheka, na katikati ya kicheko sauti ikamkatika. Alijaribu kukimeza kilio kama alivyozoea. Bernadine akamvuta, akamlaza kichwa kwenye bega lile lile lililokuwa linauma.

"Lia, mwanangu. Kulia si kumzika."

Wakalia wote wawili, kwa sauti, bila haya. Walipoikumbuka sufuria, sukari ilikuwa imeshika chini. Fungu la waliotangulia wakaliweka kando ya moto na tumbaku yake. Ukoko wakaukwangua wote, wakamshonea Delphine.