Mitutu Miwili ya Memsahib

"Vuta tena, Memsahib," nilisema.

Akavuta. Vidole vyake, vilivyovimba viungo kwa miaka mingi ya kukamua ng'ombe kule Subukia, viliteleza juu ya chuma, na bastola ikakataa kufunguka. Bwana Miwani, mwenye duka la bunduki, akakohoa. Mlangoni alisimama Hiram, mpishi wa memsahib, na kikapu cha unga na sukari mkononi. Alikuwa amempikia mama yule miaka kumi na minne. Siku hizi, kama Wakikuyu wenzake waliobaki mashambani, alifungiwa nje ya nyumba kila jioni kabla ya saa kumi na mbili.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa Mau Mau, na wazungu wote wa Nakuru walikuwa wamejifunga bastola viunoni. Walikwenda nazo benki, kanisani, hata sokoni kuchagua nyanya. Sisi wengine tusingethubutu kushika hata risasi moja. Mwafrika aliyekutwa nayo mfukoni angeweza kunyongwa. Kwa hiyo nilikuwa fundi wa bastola ambaye hajawahi kufyatua hata moja. Risasi zilikaa kwenye sefu, ufunguo shingoni mwa Bwana Miwani, nami nikaachiwa vyuma vitupu.

Lakini vyuma vile! Nakiri, nilivipenda. Na hii iliyofika wiki ile ilininyima usingizi. Ilikuwa ndogo, ya kuingia mkobani, na ilikuja na mitutu miwili: mmoja wa risasi ya milimita tisa, mwingine mwembamba, wa saba na kitu. Unabonyeza kibanio, unachomoa mtutu mmoja pamoja na springi yake, unachomeka mwingine, na silaha ile ile imekuwa nyingine. Nilibadilisha mara ishirini nikijiuliza aliyeibuni alikuwa anawaza nini. Tofauti ya matundu yale ilikuwa nyembamba kama uzi wa kiatu. Uzi huo ungembadilishia nini anayepigwa? Sikuwa na mtu wa kumwuliza.

Bwana Miwani alitaka auze ule mnene. "Hii nakamata mtu, hapana amka tena," alisema kwa Kiswahili chake, nadhani ili na sisi tusikie.

Memsahib akaiweka bastola mezani na kunigeukia. "Wewe, Kimutai. Wewe naona gani mzuri?"

Mwafrika anayejua sana risasi ipi inafaa, amejifunzia wapi? Wiki iliyopita askari walikuwa wamemzoa mshona viatu wa jirani kwa jambo dogo kuliko hilo. Bwana Miwani alinikazia macho. Ningesema sijui, nikaokoka. Lakini nilikuwa nimemwona akihangaika na vidole vile, na jibu lilikuwa linaniwasha ulimini.

Nikabadilisha mtutu mbele yake. "Springi ya huu ni laini. Vuta."

Akavuta, ikaitika klak! Akacheka kama msichana, akavuta tena na tena. Bwana Miwani akatabasamu pia, kwa kuwa biashara imefanyika. Mimi kichwa kilivimba, nikajiona fundi kweli kweli.

Memsahib alipoingia ofisini kutia sahihi karatasi zake, Hiram akanisogelea.

"Kimutai, hiyo nyembamba inaweza toboa mlango?"

"Mlango gani?"

"Ya mwerezi. Unene hivi." Akanipimia kwa vidole viwili. "Ni mimi hubisha asubuhi na chai. Siku hizi nasikia akiruka kitandani kabla niseme ni nani."

Kila skrubu ya bastola ile niliijua kwa kuipapasa. Nilikuwa nimepima vidole vya memsahib, nikasahau kabisa kwamba risasi ina mahali inakokwenda. Niliona aibu, na masikio yananichoma hadi leo nikikumbuka.

"Usisimame katikati," nilisema. "Kaa kando, nyuma ya ukuta. Toa mkono tu, ubishe."

Akaitikia kwa kichwa. Memsahib alipotoka, Hiram alimbebea na kisanduku cha bastola hadi kwenye gari.

Alimpikia miaka minane zaidi, na nijuavyo mimi, bastola haikulia hata mara moja. Baada ya uhuru Hiram alipata shamba lake, nami nikajenga Kiamunyi. Jumapili alizoea kunitembelea baada ya ibada. Mlango wangu hushinda wazi mchana kutwa, na watoto, kuku na majirani hujiingilia tu. Ila Hiram. Nilikuwa nikisikia hodi nikitazama mlangoni nisione mtu. Kisha nauona mkono, umetokea pembeni tu, na mwenyewe yuko nyuma ya ukuta anangoja nimwite kwa jina.