Mizizi ya Baba

Jana usiku, nikiwa nimelala chali kama maiti, niliota nimepanga foleni na baba yangu, mzee Ntahomvukiye, aliyekimbia vita Burundi akiwa kijana. Mimi nilizaliwa huku huku Tanzania, lakini ndotoni nami nilikuwa mwombaji. Foleni ilikuwa ndani ya behewa la treni. Mezani aliketi Muhuri wa serikali, amevaa miwani.

"Vita vimekwisha," alisema Muhuri. "Mnataka nini?"

"Uraia," baba akajibu.

"Sheria inasema aingie mwenye jembe. Nchi inataka wakulima."

Baba akainama, akatoa jembe chini ya kiti. Hapo ukuta wa behewa ukakohoa.

"Sheria imebadilika," ukuta ukasema. "Wakulima wametosha. Sasa tunataka mafundi."

Baba hakushangaa. Akalikunja lile jembe taratibu mpaka likawa cherehani. Hajamaliza kutunga uzi, ukuta ukakohoa tena.

"Sheria mpya. Aingie aliyeota mizizi tu."

Behewa limekuwa shamba la mihogo. Muhuri anatuamuru tuvue viatu. Nachungulia nyayo za baba: mizizi minene inashuka ardhini. Nataka kujua imefika wapi. Nafukua kwa mikono, nayo inaendelea tu.

"Huyu haingii," anasema Muhuri.

"Kwa nini?" nauliza.

"Yumo tayari. Ataingiaje tena?"

Kisha ananitazama mimi. Nyayo zangu ni laini kama za kichanga.

"Binti hana hata mmoja."

"Nimezaliwa hapa," nasema.

"Kila mtu kazaliwa mahali. Rudi kwenye treni."

Nageuka. Treni ipo katikati ya mihogo, inapiga honi, na hakuna anayejua inakokwenda.

Baba anainama, anavunja mzizi wake mmoja, ananikabidhi.

"Shika, Skola. Mimi ninayo mingi."

"Si utaumia, baba?"

"Kidogo."

Muhuri anafuta miwani yake, anafikiri. "Sheria haikusema mzizi uwe wa nani," anasema, kisha ananigonga kisiginoni.

Nikazinduka. Kumekucha. Baba alikuwa uani kwenye kigoda, mguu mmoja juu ya goti, akijikagua unyayo.

"Shikamoo, baba. Umechomwa na nini?"

"Marahaba. Hata sijui. Nimeamka nacho."

Nikachuchumaa nione. Kilikuwa kidonda kidogo cha mviringo, kibichi, bila tone la damu. Kilikuwa kinatoa utomvu mweupe.