Kiti Kipya cha Mwalimu

Gari la mbio la mwalimu mstaafu bado lilinguruma vizuri, lakini ndani lilikuwa limechakaa. Ngozi ya milango ilikuwa imebanduka na kiti cha dereva kimebonyea. Akalipeleka kwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa viti.

Siku ya kulichukua alikwenda na mkewe. Milango ilikuwa imevalishwa ngozi nyekundu, na kiti cha dereva kimejazwa sponji mpya. Mwalimu akaingia kwa madaha, kichwa kikagonga paa.

"Shemeji, hiki ni kiti au kigoda cha mfalme?"

"Kitashuka tu, shemeji. Kipe miezi michache."

Mkewe, ambaye hakuwahi kuliendesha kwa sababu ya ufupi wake, alimgusa bega. "Hebu shuka, baba."

Akaketi, akaiona barabara yote mpaka kwenye kona. "Kumbe gari lenyewe lina pua!"

Mwalimu akahamia kiti cha abiria, ambacho hakikuguswa, akanuna kidogo. "Matuta yale uende polepole."

"Wewe funga mkanda," mkewe akamjibu, akakanyaga mafuta. Walipofika kwenye kona, mwalimu alikuwa anacheka peke yake.