Karatasi ya Mbovu

Karatasi ilikuwa imebandikwa katikati ya skrini ya mashine namba kumi na mbili. MBOVU. USIGUSE. Herufi kubwa, wino wa bluu. Niliisoma mara mbili, kwa sababu katika chumba kile mtu mwenye kazi ya kubandika karatasi ni mimi, na mimi sikuibandika.

Nilikuwa mhudumu wa chumba cha kompyuta cha chuo kikuu, ghorofa ya pili, mashine ishirini na nne. Asubuhi walimu walileta madarasa yao. Kuanzia saa nane mchana chumba kilikuwa cha yeyote mwenye kitambulisho. Nilikaa kwenye meza ya mlangoni, nikahakikisha kila mtu ameandika kwenye daftari jina lake na namba ya mashine anayotumia, na kilichoharibika nikakiripoti. Mkataba wangu wa mwaka mmoja ulikuwa umebakiza wiki tatu.

Niliibandua karatasi, nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikainama nyuma ya meza, nikakuta waya wa umeme umechomolewa. Nilipouchomeka, mashine ikawaka bila shida, kama mtoto aliyekuwa anajifanya amelala.

Wakati mwingine ningecheka. Lakini wiki mbili kabla, mashine mbili zilikutwa zimefunguliwa na vijiti vya kumbukumbu vya ndani, RAM, havimo. Mkuu wa kitengo aliniita ofisini kwake, hata kiti hakunipa.

"Binti, chumba kina mlango mmoja, na mlangoni unakaa wewe," alisema. "Kikipungua kitu kingine, mkataba tusiuzungumzie."

Nilisema ndiyo, nikatoka, na nilipofika kwenye ngazi nikakumbuka mambo kumi ambayo ningeweza kumjibu. Ndivyo nilivyo. Maneno yangu hufika mgeni akiwa ameshaondoka.

Kesho yake karatasi ilikuwa imerudi. Mwandiko uleule, waya umechomolewa vilevile.

Niliishi kwa dada yangu mkubwa. Jioni ile nilimsimulia, na mume wake, ambaye ni fundi cherehani na huona kila jambo lina mshono mahali fulani, akaweka kijiko chini.

"Huyo anaweka alama, shemeji. Mwizi mwenye akili haibi siku ya kwanza. Anaandika mbovu, watu wanazoea kuiona mbovu. Siku akiifungua, nani atashangaa?"

"Mwache mtoto wa watu ale," dada alisema.

"Namfundisha kazi."

"Kazi gani, ya wizi?"

"Ya kuwa macho. Kikulacho ki nguoni mwako. Anza na wale wanaokusalimia vizuri."

Aliyenisalimia vizuri kuliko wote alikuwa Mama Pacha. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyepewa ruhusa kazini arudi kusomea shahada, umri kama wa mama yangu mdogo. Vijana walimpa jina hilo kwa sababu kila wanawe walipompigia simu alimaliza kwa kusema, "Haya, mpe na mwenzako." Alikuja kila siku saa nane na dakika tano na mkoba mkubwa ambao ungetosha kuhamia nao nyumba nyingine. "Hujambo mwanangu? Umekula?" Kisha aliandika kwenye daftari, mashine namba kumi na moja, akaenda kukaa nyuma ya nguzo, mahali ambapo kutoka mezani kwangu niliona bega lake tu.

Nilifungua kurasa za nyuma. Siku kumi na nane mfululizo, Mama Pacha, kumi na moja. Kumi na mbili, hakuna mtu. Lakini jioni nilipofunga chumba, kiti cha kumi na moja kilikuwa kimesukumwa vizuri chini ya meza, na cha kumi na mbili kilikuwa kimevutwa nje. Nilikigusa. Kilikuwa na joto.

Usingizi ulinipaa. Nilimpenda yule mama, na kumpenda kwangu ndiko kulikonitia wasiwasi zaidi. Kwa nini aniulize kila siku kama nimekula? Mbona mkoba mkubwa hivyo kwa mtu mwenye daftari mbili? Mambo niliyoyaona wema sasa yote yalikuwa na mkono wa pili.

Siku iliyofuata nilijifanya naokota karatasi sakafuni, nikapita nyuma ya nguzo. Mama Pacha alikuwa amekaa mbele ya kumi na mbili, ameinama, na mkononi ameshika bisibisi ndogo kama kidole cha mtoto. Miwani ilikuwa mapajani. Aliponiona akaitupia bisibisi mkobani, akanyoosha mkono akazima skrini.

"Mama," nilisema, na sauti ilikuwa ndogo kuliko nilivyopanga, "hiyo mashine si mbovu?"

"Mbovu, mwanangu. Mbovu sana. Usijisumbue nayo."

Chini ya meza taa ya kijani ya mashine ilikuwa inawaka. Niliiona, naye aliona kwamba nimeiona. Tulitazamana. Ningekuwa mtu mwingine ningesema fungua mkoba. Nikasema, "Haya, mama," nikarudi mezani na karatasi zangu tatu za sakafuni.

Kumshitaki mtu mzima sikuweza. Nikachagua njia ya watu waoga: nilijaza fomu. Mashine namba kumi na mbili, mbovu. Nilijiambia kwamba sijamsingizia mtu, nimenakili tu kilichoandikwa kwenye karatasi yake mwenyewe. Asubuhi ya siku ya pili Fundi Waya, anayetengeneza mashine za chuo kizima, alikuja akaibeba begani. Mezani pakabaki mraba usio na vumbi. Siku ile, nakiri, nilijiona mjanja.

Mama Pacha alikuja saa nane na dakika tano, akasalimia, akaandika, akaenda nyuma ya nguzo. Nilisubiri. Hakikusikika kiti. Kisha nikamwona anarudi polepole, mkoba umemteleza hadi kwenye kiwiko.

"Kumi na mbili iko wapi?"

"Imekwenda kwa fundi, mama. Ilikuwa mbovu."

"Haikuwa mbovu."

"Karatasi ilisema..."

"Karatasi niliandika mimi." Alishika ukingo wa meza yangu. "Tasnifu yangu imo humo. Yote."

Hapo ni lazima nieleze. Mashine za chumba kile ziliwekwa programu inayofuta kila kitu zinapozimwa, kwa sababu ya virusi. Ukiacha kazi yako humo leo, kesho haipo, na kila mwanafunzi hutembea na flashi yake. Flashi ya Mama Pacha iliwahi kuingia virusi mlemle chumbani vikameza sura nzima. Tangu hapo hakuiamini. Barua pepe alifunguliwa na mmoja wa pacha wake, na nywila aliijua mtoto. Siku moja alisahau kazi yake ndani ya kumi na mbili, na kesho yake akaikuta. Programu ya mashine ile ilikuwa imelegea, na mimi mhudumu sikujua. Akaiona kama kabati lake. Ili wengine wasiliguse, akaandika mbovu.

"Tunawasilisha baada ya siku tisa," alisema. "Na ruhusa yangu ya kazini inaisha mwezi huu. Nikikosa, narudi darasani bila shahada, na ruhusa nyingine hawanipi."

Tuliteremka ngazi karibu kwa kukimbia. Karakana ya Fundi Waya iko chini kabisa, chumba kisicho na dirisha, kimejaa mashine zilizofunuliwa matumbo. Alikuwa anakunywa chai.

"Kumi na mbili? Haikuwa na ugonjwa wowote ile. Nimefuta, nimeweka mpya, jioni naipeleka chumba cha walimu."

"Umefuta yote?" nikamuuliza.

"Sasa nifute nusu? Mashine ya chumba cha wanafunzi haina kitu cha mtu. Si ndiyo kanuni yenu?" Alimtazama Mama Pacha, akashusha kikombe. "Leo asubuhi nimeifuta. Nilishaweka vitu vipya juu yake. Pole, mama."

Kisha akanigeukia. "Halafu nilikuwa nikuambie, vile vijiti vya kumbukumbu vya mashine zako mbili nilivitoa mimi. Vimo chumba cha walimu. Mkuu alisaini, nadhani amesahau. Sikukuambia?"

Hakuniambia. Nilisimama pale, nimesafishwa kutokana na kila tuhuma, na sijawahi kujiona mchafu kama dakika ile.

Kwenye ngazi nilimwambia. "Mama, aliyejaza fomu ni mimi. Sikudhani ni mbovu. Nilidhani wewe ndiye unayeiba."

Alisimama. Alinitazama muda mrefu kupitia miwani yake, mkono mmoja wa miwani umelegea, ule aliokuwa akiukaza kwa bisibisi.

"Nikiiba nini, mwanangu? Nina kompyuta mimi ya kutia kumbukumbu?"

Alipanda ngazi mbili, akageuka.

"Unapiga chapa kwa vidole vingapi?"

"Kumi."

"Mimi viwili. Twende."

Mkobani mlikuwa na sura tatu za kwanza, karatasi zilizojaa wino mwekundu wa msimamizi wake, na daftari mbili za mahojiano aliyofanya na wazazi wa wanafunzi. Sura ya nne, ya mwisho, haikuwepo popote ila kichwani mwake. Kila siku chumba kilipokwisha madarasa alisoma nami nikapiga, jicho langu moja kwenye skrini na moja mlangoni. Flashi mpya niliinunua mimi, akaipokea, akaitundika shingoni kwa uzi.

"Umesevu?" aliuliza kila baada ya ukurasa.

"Nimesevu, mama."

Akachomoa flashi, akaenda nayo mashine namba saba, akaifungua mwenyewe kwa vidole viwili, akatazama, akarudi. Nikienda kujaza maji, alikwenda na flashi. Nikinyanyua mkono kukuna shavu, aliuangalia ule mkono hadi urudi kwenye kibodi. Sikumlaumu. Nilikuwa nimemtazama vile kwa siku kadhaa, na sasa nilijua inavyochoma.

Siku ya nane, saa kumi na moja jioni, alinisomea mstari wa mwisho wa sura ya nne. Ilikuwa fupi kuliko ile iliyofutwa, alisema, lakini labda ilikuwa kweli zaidi, au labda alikuwa amechoka tu. Nilihifadhi. Akachomoa. Akaifungua namba saba, kisha namba ishirini, kisha namba mbili karibu na mlango, nami nimesimama na funguo mkononi.

"Ipo," alisema, akaivaa flashi ndani ya gauni, akashika mkoba kwa mikono miwili na kupita mbele yangu.