Kidole cha Kwamboka

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Mtoto alikuwa amelala kingamo tumboni, na Kwamboka alikuwa na uchungu tangu jana. Walimbeba kwa machela kutoka Marani, wakafika hospitali ya misheni jua likiwa utosini.

"Lazima apasuliwe sasa hivi," alisema Sista Mokeira, ameshika karatasi ya idhini na kidau cha wino.

"Mume wake, Abner, yuko Kericho kwenye chai," akajibu mama mkwe, Nyamusi. "Atakuja Ijumaa."

"Ijumaa utazika wawili, mama."

"Basi baba yake Abner aweke kidole. Si yuko hapo nje?"

Mzee Angwenyi alikuwa nje kweli, hatua moja tu kutoka mlangoni, na hatua hiyo hangeivuka. Kwetu baba mkwe haingii alikolala mke wa mwanawe. Hata kumtupia jicho ni aibu. "Nileteeni hiyo karatasi huku!" aliita, amegeukia bustani.

Sista hakumpelekea. "Mzee, si tumbo lako litakalopasuliwa. Huyu ni mtu mzima na akili zake. Hapa sheria ni kumuuliza yeye."

Akavuta kiti, akaketi macho yake yakiwa sawa na ya Kwamboka, akamsomea kwa Ekegusii, polepole: watakavyomlaza usingizi, watakapokata, kwamba huenda akapona na huenda asiamke.

"Hiyo ya kufa iruke!" Nyamusi akafoka. "Utamtisha bure!"

"Ni yake, mama. Siwezi kumficha." Kisha kwa Kwamboka: "Unasemaje? Hata kukataa unaweza."

Akaiweka karatasi magotini, akangoja.

Kwamboka alisahau uchungu kidogo. Alitolewa shule bila kuulizwa, akaolewa bila kuulizwa. Leo Sista na nguo zake nyeupe, daktari Mzungu aliyesimama kando ya kitanda na mikono yake iliyooshwa, wote kimya kama kanisani, wanangoja yeye aseme. Mwili ulimsisimka.

"Nipasueni," akasema. Na kwa kuwa hakuna aliyemkatiza, akaongeza: "Nikifa, mtoto alelewe na mama yangu, kule Nyakoe."

Sista aliandika neno kwa neno, ndipo akamsogezea wino, naye Kwamboka akaweka kidole.

Kitanda kilipopitishwa mlangoni, Mzee Angwenyi aligeuza uso ukutani, kama desturi inavyotaka. Kofia nayo akaivua, na hilo hakuna desturi iliyomwagiza, akabaki ameishika mpaka Sista alipotoka kusema wote wawili wako hai.