Mkono Mmoja Kabla ya Sabato

Kabla sijaolewa na Ogeto niliambiwa ni mtu wa kanisa. Ni kweli. Ni shemasi, anakusanya sadaka, na Ijumaa jua likianza kushuka hapa Nyacheki yeye ndiye hufokea kila mtu amalize kuosha vyombo, Sabato inafunguliwa. Sasa sikilizeni alichonifanyia shemasi huyo Ijumaa iliyopita.

Nilitoka kuchuma majani chai nikakuta pale dirishani ni peupe. Cherehani yangu haipo. Shule zinafunguliwa Jumatatu, nina sketi kumi na moja za wanafunzi zimekatwa, zimelala mezani bila pindo, na mashine haipo! Nikampigia simu.

"Mama Sharon, nimeipeleka kwa fundi, kule Ogembo. Ilikuwa inalia."

Inalia? Mashine niliyoipaka mafuta jana yake kwa mkono wangu?

Nilifika Ogembo jua likiwa bado juu kidogo. Fundi hakuwa ameiona. Ila aliinamisha macho kwa aibu, akanionyesha ukumbi ulio nyuma ya hoteli ya Mokua. Barazani kulikuwa na pikipiki mpya, zawadi ya kwanza. Kando yake tangi la maji, zawadi ya pili. Halafu cherehani yangu, na karatasi imebandikwa juu yake: ZAWADI YA TATU. Uzi wangu wa buluu ulikuwa bado kwenye sindano. Yaani mume wangu alimpa Mokua mashine yangu ili aruhusiwe kuingia kwenye mashindano ya poka, na Mokua, mjanja yule, akaigeuza zawadi.

Nikatema mate pale pale kwenye maua ya Mokua. Kisha nikaingia.

Walikuwa wameanza watu thelathini asubuhi, sasa wamebaki wanne. Nyamongo, muuza mbao, na Abner wa duka la dawa walikuwa na vilima vya chipu, vile vidude vya plastiki wanavyochezea. Ogeto alikuwa nazo sita. Duke, mwendesha boda, alikuwa na moja tu.

Mchezo wenyewe naujua, mnisamehe. Mwaka mzima huyu mtu ameucheza kwenye simu kitandani akijisemesha kwa sauti, hata asiyetaka anajifunza. Unapewa karata mbili. Ukizipenda unaweka chipu, usipozipenda unazitupa, unangoja mkono mwingine, yaani karata zigawiwe upya. Lakini kila mkono, kwa zamu, kuna mtu analazimishwa kuweka chipu kabla hajaona karata zake. Mkono uliokuwa unafuata, zamu hiyo ilikuwa ya Duke. Chipu yake ile moja ingeingia atake asitake, na wale wakubwa wawili wangemmaliza. Kwa hiyo Ogeto hakuhitaji kushinda chochote. Alihitaji kutupa karata mara mbili, afunge mdomo, awe wa tatu, na cherehani irudi nyumbani.

"Baba Sharon," nikamwambia nikiwa nyuma ya kiti chake, "tupa."

Hata hakushtuka kuniona. "Keti, Mama Sharon."

"Tupa hizo karata. Duke anatoka sasa hivi."

Nyamongo akacheka. "Mama anaujua mchezo kukushinda."

Ogeto hakuangalia karata. Aliangalia dirisha. Jua lilikuwa limeshagusa migomba ya ng'ambo. Akaangalia saa yake, akaangalia dirisha tena. "Sabato inaingia," akasema. "Siwezi kukutwa hapa."

Nyasae, Mungu wangu! Tangu asubuhi amekaa kwenye kamari, amenidanganya, ameniibia, na Mungu hana neno. Dhambi ni kungoja dakika tano!

"Basi nenda!" nikasema. "Tupa karata, acha chipu hapo, nenda zako nyumbani. Mokua, si zinakaa tu?"

"Zinakaa," Mokua akajibu, maana ndiye aliyekuwa anagawa karata. "Zamu yake ikifika natupa karata zake. Duke akitoka, yeye ni wa tatu hata akiwa kitandani."

Nilidhani tumepona. Ogeto akanigeukia kwa uso ule anaouvaa akikusanya sadaka. "Chipu zangu zicheze kamari siku ya Sabato? Unataka nimjibu Mungu nini?"

Akazisukuma zote sita katikati ya meza. "Zote."

Alikuwa na mfalme na nne. Mfalme na nne, jamani! Nyamongo akafunua jozi ya tisa, na jozi inamshinda mfalme mmoja. Zikalazwa karata tano za wote mezani na hakuna hata mfalme mmoja aliyetokea. Kwisha. Wa nne hapewi kitu.

Ogeto akasimama, akachukua koti lake, akalikung'uta vizuri. "Bwana ameamua," akasema. "Twende tukafungue Sabato. Umepika?"

Nilikuwa naangalia ule mkono wake uliozisukuma chipu, ndio huo huo hushika kikapu cha sadaka, na nilisikia kinyaa hata cha kusimama karibu naye. Akapanda boda peke yake.

Mkono uliofuata Duke alitoka, kama kila mtu mle ndani alivyojua. Cherehani ikawa yake. Nilimfuata barazani na hakunihurumia. Alisema ataniachia mashine nikikubali kuwashonea wanawe wawili sare kila mwaka mpaka wamalize darasa la tisa. Nikakubali. Tukaifunga mashine kwenye boda yake, na jua lilizama tukiwa njiani. Maisha yangu yote sijawahi kubeba mzigo Sabato imeingia. Nililia mpaka tukafika.

Ogeto alisikia pikipiki akatoka mpaka uani, kitabu cha nyimbo mkononi.

"Nyakerario!" akaniita kwa jina langu. "Mzigo, siku takatifu? Hicho chombo hakiingii humu. Kiache nje mpaka kesho jua lizame."

Mimi na Duke tukampita hivi, mashine katikati yetu, tukaitua pale pale dirishani. Duke akaenda zake. Mimi nikafunga mlango, nikasukuma komeo.

Akagonga.

"Kugonga ni kazi, shemasi," nikamwambia. "Sabato imeshaingia."

"Mama Sharon, kuna baridi. Fungua."

"Ngoja."

"Mpaka lini?"

"Kesho jua likizama. Ni kungoja tu, Baba Sharon. Hakuna kingine unachotakiwa kufanya."

Nikamwita Sharon, tukafungua Sabato sisi wawili, na tuliimba kwa sauti ili tusimsikie. Sketi kumi na moja zilikuwa zinangoja Sabato iishe. Yeye naye angengoja.