Plagi za Mwenyekiti

Leticia alikuwa ameinamia pawatila bovu, trekta dogo la mkono, kwenye banda lake la ufundi, Kibaoni, aliposikia kwato mahali alipotegemea kusikia injini. Alipoinua kichwa akaona mwanamume asiyemjua, fimbo mkononi, akiswaga maksai wanne waliofungwa kamba kwenye gari jeupe. Ndani ya gari, vioo vimepandishwa hadi juu, alikaa Mzee Anselim, mwenyekiti wa kamati ya mipaka ya bonde. Alikuwa ameshika usukani kana kwamba ndiye aliyekuwa akiendesha.

"Mayu, nimekuletea mgonjwa," alisema yule mgeni, mfugaji wa Kisukuma aliyeitwa Kija. "Nimemwokota njia ya Kiberege. Kafunga vioo ili harufu ya ng'ombe wangu isimwingie."

Anselim alishuka, akajipangusa vumbi ambalo halikuwepo.

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Gari limegoma. Nina mkutano wa mipaka Lumemo saa nane, na bila mimi haufunguliwi."

"Utawahi," Leticia akasema.

Neno hilo hakulitamka ovyo. Mafundi wengi wana wimbo mmoja, "njoo kesho", na Vitus wa banda la jirani aliuimba vizuri kiasi kwamba wateja wake wengine walianza kuota mvi. Leticia alipofungua banda lake aliapa kwamba hapo neno likitoka halirudi. Hakuwa na kibao. Watu walielekezana tu: "Nenda kwa yule dada wa leo."

Akafungua boneti, akatoa plagi zote nne. Plagi yenye afya huwa na rangi ya karanga za kukaanga. Hizi zilikuwa nyeusi kama sufuria za msibani, zimelowa petroli. Akazisugua kwa brashi ya waya, akarekebisha pengo la ncha, akairudishia moja waya wake na kuigusisha kwenye injini.

"Piga starta, mwenyekiti."

"Gari hili nalihudumia kila mwezi," Anselim alisema huku akizungusha ufunguo.

Hakuna cheche. Leticia akatoa plagi mpya kwenye karatasi yake, akaiweka. Hakuna cheche.

"Kaka Kija, hebu kaa wewe. Sema chochote."

Kija akakaa, akafikiri. "Yule maksai wa kulia ni mvivu."

Cheche ikaruka, ya buluu, nene. Maksai wa kulia akatazama pembeni.

Leticia akautambua ugonjwa. Aliwahi kuutibu kwenye pikipiki ya kijana aliyechumbia Kiberege na Lumemo kwa pamoja. Ilipona alipoachwa na wote wawili. Akamrudisha mwenyekiti kwenye usukani, maana fundi hapimi mara moja.

"Njia ya ng'ombe wangu kwenda mtoni ipo?" Kija aliuliza.

"Ipo palepale," alisema Anselim.

Plagi ikakaa kimya.

"Na shamba la mama yangu, Dorotea?" Leticia aliuliza.

"Nalilinda mwenyewe, mwanangu. Hakuna tajiri yeyote aliyepewa ukanda ule."

Plagi haikutoa hata harufu.

Kija akamgeukia Leticia. "Kumbe tunatukanana bure, wakulima na sisi wafugaji. Ukanda ni uleule, na mwenyewe ni tajiri."

"Nikinyamaza, je?" Anselim aliuliza, bila kukasirika, kama mtu anayeuliza bei. Plagi zikarudishwa, wakajaribu. Alinyamaza, na injini nayo ikanyamaza.

Vitus, aliyekuwa akisikiliza kutoka bandani kwake, akasogea. "Leti, mwambie aje kesho. Asipofika, mkutano haufunguliwi, ukanda haupitishwi, na shamba linabaki. Neno moja tu. Nikuazime langu?"

Leticia akafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole.

"Nilishasema atawahi," alisema, akaingia kiti cha mbele, ubavuni pa usukani. "Mwenyekiti, kiatu chako cha kushoto kimechanika."

Injini ikawaka.

Ukweli mdogo ulitoa mwendo mdogo. Leticia alisema kwamba mwenyekiti hupaka rangi nywele, kwamba kwenye misiba hula mara mbili, kwamba Kija ameburuza gari na hajaambiwa asante. Anselim alikuwa akiitikia kwa kichwa, macho barabarani.

"Ongeza kidogo, mwanangu. Kuna lori nyuma."

"Umeuza shamba la mama yangu likiwa na mpunga ndani."

"Hapo sawa," alisema Anselim, akaingiza gia ya nne.

Walipokaribia daraja la Lumemo, Leticia aliishiwa. Gari likaanza kukohoa. Ng'ambo ya mto watu walikuwa wameketi chini ya turubai, kiti cha mbele kitupu.

"Sema jambo, mwanangu," Anselim alimsihi. "Lolote."

Leticia akatazama maji.

"Nikinyamaza sasa hivi," alisema, "mama atavuna."

Injini ilinguruma kama mpya. Walivuka daraja na kufika dakika chache kabla ya saa nane.

Mwenyekiti akafungua mkutano. Akawaambia wakulima na wafugaji kwamba hakuna atakayeguswa. Kipaza sauti hakikukwama hata mara moja. Kilikuwa cha betri, hakina plagi. Watu wakapiga makofi, ukanda ukaenda kwa tajiri.

Baada ya kufunga, Anselim alimkuta Leticia amesimama kando ya gari.

"Nirudishe Kibaoni, mwanangu."

"Niliahidi kwamba utawahi, mwenyekiti. Umewahi. Kurudi hatukuzungumza."

Akashika njia kwa miguu kuelekea shambani, ambako mpunga ulikuwa umeanza kuinama, ili amwambie mama yake kabla hajaambiwa na wengine. Nyuma yake starta ililia, ikalia, na sauti ya mwenyekiti ilisikika ikiieleza injini jinsi anavyowapenda wananchi.